Mishipa ya moyo iliyozibuliwa baada ya mshtuko wa moyo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyepata mshtuko wa moyo na wa ndugu anayemhudumia: yule anayebeba faili, anayezunguka kutafuta dawa, na anayekumbuka swali la maana daktari akiwa ameshaondoka. Hauchukui nafasi ya daktari wako. Msimamo wetu tunausema mapema: mshipa uliozibuliwa mapema na ukabaki wazi humwongezea mtu miaka ya kuishi, lakini kazi ya kuuweka wazi inaanza pale mgonjwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani.

Ni kitu gani hasa kinachoziba?

Mishipa ya koronari ndiyo inayoulisha moyo wenyewe damu. Kuna mikubwa mitatu, mmoja upande wa kulia na miwili upande wa kushoto. Kwa miaka mingi mafuta na chokaa hujijenga ndani ya ukuta wa mshipa bila mtu kuhisi chochote. Siku utando unaofunika mafuta hayo unapochanika, damu huganda hapo hapo, na donge linaweza kufunga njia yote ndani ya dakika chache. Ndiyo maana mtu anaweza kupata mshtuko wa moyo kwenye mshipa ambao mwezi uliopita ulikuwa umebana kidogo tu, tena alikuwa akipanda ngazi bila taabu.

Kwa nini mshipa kuwa wazi leo unisaidie miaka kumi ijayo?

Kwa sababu misuli ya moyo ikishakufa haioti tena. Panapokufa hubaki kovu, na kovu halisukumi damu.

Mwaka 1977 watafiti Reimer na Jennings, Marekani, walionyesha jambo hili kwa mbwa. Walifunga mshipa wa moyo, kisha wakapima ni kiasi gani cha misuli iliyokuwa ikitegemea mshipa huo kimekufa. Ulipofunguliwa baada ya dakika 40, kilikuwa kimekufa kama 38%. Baada ya saa 3, 57%. Baada ya saa 6, 71%. Kifo huanzia tabaka la ndani na kusogea kuelekea nje, kwa hiyo kila nusu saa iliyookolewa ni tabaka la misuli lililobaki hai. Binadamu hawalingani, kwa kuwa wengine wana vijishipa vya pembeni vinavyopenyeza damu kidogo na kuwanunulia muda, ila mwelekeo ni huo huo.

Kwa watu, ushahidi mkubwa ulianzia Italia. Utafiti wa GISSI, uliotangazwa mwaka 1986, uliwachunguza wagonjwa 11,712, nusu yao wakipewa streptokinesi, dawa ya kuyeyusha donge. Vifo vilipungua kwa 18%. Waliopewa dawa ndani ya saa ya kwanza, vifo vyao vilipungua karibu nusu. Miaka miwili baadaye utafiti wa ISIS-2 ukaja na wagonjwa 17,187: waliopata streptokinesi pamoja na aspirini, 8% walifariki ndani ya wiki tano kwa maradhi ya moyo na mishipa, dhidi ya 13.2% ya wasiopata hata moja. Aspirini, kidonge cha bei ya chini kuliko karibu vyote utakavyoandikiwa, kilifanya kazi karibu sawa na dawa ya mshipani. Jambo hili halisemwi vya kutosha.

Bado kulikuwa na swali: je, ni dawa iliyookoa watu, au ni mshipa kufunguka? Utafiti wa GUSTO wa mwaka 1993 ulijibu kwa kuwapiga baadhi ya wagonjwa picha ya mishipa dakika 90 baada ya kupewa dawa. Ambao damu ilikuwa ikipita vizuri kabisa, 4.4% walifariki ndani ya siku 30. Ambao mshipa ulibaki umefungwa, 8.9%. Dawa ni njia tu. Kinachookoa ni damu kupita.

Ukiondoa vifo, faida ya muda mrefu unaiona kwenye kipimo cha eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Moyo uliopoteza misuli mingi hutanuka polepole kwa miezi na miaka ukijaribu kufidia. Ukitanuka unachoka, miguu inavimba, pumzi inakata usiku, na mapigo yanaweza kuvurugika ghafla. Mshipa uliofunguliwa kwa wakati huzuia mlolongo huo usianze.

Kuna mtu aliyefuatilia wagonjwa kwa muda mrefu kweli?

Wapo. Waitaliano wa GISSI waliwafuatilia wagonjwa wao kwa miaka 10, na faida iliyopatikana siku za mwanzo ilikuwa bado ipo. Wadenmaki walikwenda mbali zaidi. Katika utafiti wa DANAMI-2 walilinganisha dawa ya kuyeyusha donge na kuzibua mshipa kwa puto dogo linaloingizwa ndani yake na kujazwa, kisha wakaangalia tena baada ya miaka 16. Waliozibuliwa kwa puto walicheleweshewa mshtuko mwingine au kifo kwa takriban mwaka mmoja kwa wastani. Mwaka mmoja unaweza kuonekana mdogo, lakini kumbuka kundi jingine nalo lilitibiwa. Halikuachwa hivi hivi.

Nilichelewa siku tano nyumbani. Nikizibuliwa sasa nitafaidika?

Hapa jibu linawaudhi wengi, hasa familia iliyokwisha kuchangishana. Kama mshipa umefungwa kabisa, maumivu yameisha, na hali yako imetulia, kuuzibua kwa kuchelewa mara nyingi hakuongezi maisha. Utafiti uitwao OAT uliwachukua wagonjwa 2,166 wa namna hiyo, siku 3 hadi 28 baada ya mshtuko. Baada ya miaka minne, waliopata kifo, mshtuko mwingine au moyo kushindwa kazi vibaya walikuwa 17.2% kwa waliozibuliwa na 15.6% kwa waliotumia dawa peke yake. Hakuna aliyeshinda. Ni kumwagilia shamba lililokwisha kukauka.

Lakini usisome jibu hili nusu. Kama bado una maumivu ya kifua, presha imeshuka, mapafu yanajaa maji, au picha inaonyesha mshipa umebana tu na damu bado inapita, hesabu inabadilika na daktari anaweza kushauri uzibuliwe hata siku kadhaa baadaye. Muulize swali moja: “Misuli ya upande huo bado hai?” Kuna vipimo vya kujibu hilo.

Nakaa mbali na hospitali yenye mtambo wa kuzibua mishipa. Nifanyeje?

Wahi hospitali ya karibu yenye mashine ya ECG, ile inayopima umeme wa moyo. Usianze kutafuta gari la kwenda mji mkuu kabla hujapimwa. Tanzania wengi hufikiria moja kwa moja Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, Kenya huwaza Nairobi, Uganda huwaza Taasisi ya Moyo pale Mulago. Ni vituo vya kweli, lakini mtu wa Kigoma au Lodwar hawezi kufika kwa wakati.

Miongozo ya kimataifa inasema hivi: kama kuzibuliwa kwa puto hakuwezekani ndani ya dakika 120 tangu ECG ionyeshe mshtuko, na dalili hazijapita saa 12, mgonjwa apewe dawa ya kuyeyusha donge pale alipo, kisha asafirishwe. Utafiti wa STREAM wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kuanza na dawa hiyo mapema kisha kupelekwa kwenye picha ya mishipa ndani ya siku moja kulitoa matokeo yanayolingana na kuzibuliwa moja kwa moja, ingawa damu kuvuja kichwani ilitokea zaidi, jambo lililofanya wazee wapunguziwe dozi. Kwa hiyo swali la kuuliza kwenye hospitali ya mkoa au ya kaunti, tena kabla hujaugua, ni hili: dawa ya kuyeyusha donge mnayo?

Kikwazo kikubwa kwetu kiko kabla ya hospitali. Mtu wa miaka 54, ana kisukari, anaamka saa kumi usiku akiwa na maumivu chini ya kifua. Anasema ni chembe ya moyo, au vidonda vya tumbo vimeamka. Anapewa maziwa. Asubuhi anakwenda duka la dawa, anapewa dawa ya gesi. Jioni anafika zahanati, anapimwa malaria. Mpaka ECG ya kwanza ipigwe, yamepita masaa 20. Maumivu ya kifua au ya chembe yanayokaa zaidi ya dakika 15, yakiambatana na jasho la baridi, kichefuchefu, au kusambaa kwenye taya na mkono, ni ya moyo mpaka ECG iseme vinginevyo. Kwa wanawake, wazee na wenye kisukari, maumivu yanaweza yasiwepo kabisa, wakahisi uchovu mzito na pumzi fupi tu. Njiani, asiye na mzio wa aspirini wala damu inayovuja tumboni atafune miligramu 300, yaani vidonge vinne vile vidogo vya 75. Atafune, asimeze vizima.

Wamezibua mshipa mmoja, wakasema miwili mingine nayo imebana. Nirudi?

Mara nyingi ndiyo. Mwaka 2019 utafiti wa COMPLETE, wenye wagonjwa 4,041, ulionyesha kuwa waliomaliziwa na mishipa mingine iliyobana sana walikuwa na vifo vya moyo au mshtuko mpya kwa 7.8%, dhidi ya 10.5% ya waliozibuliwa ule mmoja tu, wakifuatiliwa kwa takriban miaka mitatu. Inaweza kufanyika kabla hujaruhusiwa au ndani ya wiki chache. Kuna wengine ambao mishipa yao imebana mahali pengi mno, au wana kisukari pia, hao upasuaji wa kupandikiza njia mpya ya damu huwafaa zaidi.

Nimewekewa stenti. Si ndiyo nimepona?

Stenti ni kijibomba cha waya kinachoushikilia mshipa ubaki wazi. Umetibiwa sehemu yenye urefu wa sentimita mbili au tatu. Ugonjwa uko kwenye mishipa yote.

Stenti yenyewe inaweza kuziba kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya ghafla: damu inaganda juu ya chuma kipya kabla hakijafunikwa na utando wa mwili. Hatari hii ni kubwa zaidi katika siku 30 za mwanzo, na ikitokea huja kama mshtuko mpya, mara nyingi mbaya kuliko ule wa kwanza. Ya pili ni ya polepole: nyama huota ndani ya stenti na kubana njia kwa miezi. Kwa stenti za zamani zisizo na dawa hili liliwapata kama mtu mmoja kati ya wanne au watano. Stenti za sasa zinazotoa dawa zimelipunguza sana.

Tukigeuka nyuma kidogo, mtu wa kwanza kuzibuliwa mshipa wa moyo kwa puto alikuwa mwanaume wa miaka 38, Zürich, tarehe 16 Septemba 1977, mikononi mwa Andreas Grüntzig. Hakukuwa na stenti siku hizo. Alipopigwa picha tena miaka 10 baadaye mshipa ulikuwa bado wazi. Si kila mtu huwa na bahati hiyo, ndiyo maana stenti zikabuniwa.

Dawa nitameza mpaka lini? Na pesa zikikata?

Aspirini, kwa kawaida maisha yote. Dawa ya pili ya kuzuia damu kuganda, yaani klopidogreli, tikagrelo au prasugreli, kwa kawaida miezi 12 baada ya mshtuko wa moyo. Daktari anaweza kufupisha kwa mtu anayevuja damu kirahisi, au kurefusha. Wa kuamua ni yeye. Si jirani, wala si daktari wa meno anayetaka kukung'oa jino wiki ijayo. Huyo wa meno ampigie simu daktari wako wa moyo kwanza.

Tunalikazia hili kwa sababu ndipo mishipa mingi inapopotelea. Mgonjwa anatoka na dawa za mwezi mmoja. Anajisikia vizuri, anarudi dukani kwake au shambani. Dawa zinaisha Ijumaa, kliniki ni Jumatano ijayo, mwenye duka la dawa anasema klopidogreli imekwisha mpaka mzigo uje. Siku tano hizo bila kidonge, kwenye stenti ya wiki nne, ni hatari kuliko kula chipsi mwezi mzima.

Cha kufanya ni cha kawaida kabisa. Nunua kabla hazijaisha, zikibaki za wiki mbili. Uliza klopidogreli ya jina la kawaida, usishikilie ile ya boksi la bei ghali. Kama bajeti haitoshi dawa zote ulizoandikiwa, usijichagulie mwenyewe. Peleka karatasi kliniki ukaseme waziwazi: nina uwezo wa kiasi hiki, niache ipi? Daktari mzuri atakupangia. Nyingine huenda huzihitaji tena. Kwa mfano, dawa za kundi la beta zinazopunguza mapigo ya moyo zilikuwa za kila mgonjwa kwa miongo mingi, lakini utafiti wa REDUCE-AMI wa mwaka 2024, wenye wagonjwa 5,020, wengi wao wa Uswidi, haukuona faida yake kwa wenye nguvu ya moyo (sehemu ya damu moyo unayoisukuma nje kwa kila pigo) ya 50% au zaidi. Kwa wenye moyo dhaifu bado ni za lazima.

Nina vidonda vya tumbo, na mgongo unaniuma. Ninywe nini?

Kwa tumbo, mwambie daktari akupe dawa ya kulilinda. Omeprazoli hupunguza nguvu ya klopidogreli, kwa hiyo pantoprazoli huwa chaguo salama zaidi. Kwa mgongo, parasetamoli. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa kama pipi kila kona, huongeza hatari ya mshtuko mpya na ya kuvuja damu tumboni, na ibuprofeni inaweza kuizuia aspirini kufanya kazi. Sindano ya diklofenaki kwa ajili ya kiuno ni kosa linalofanywa kila siku. Kabla ya kuchomwa sindano yoyote, sema: nina stenti.

Lehemu yangu iko kawaida. Kwa nini nipewe atovastatini?

Kwa sababu kawaida ya mtu mwenye afya si kawaida ya aliyepata mshtuko. Kwako lengo la lehemu mbaya (LDL) ni chini ya 1.4 mmol/L kwa miongozo ya Ulaya, na karatasi nyingi za maabara huandika “kawaida” kwa namba iliyo juu ya hapo mara mbili. Kila lehemu hiyo inaposhuka kwa 1 mmol/L, matukio makubwa ya moyo na mishipa hupungua kwa takriban moja ya tano. Statini, kundi la dawa ambamo atovastatini imo, pia hutuliza mafuta yaliyo kwenye mishipa ambayo haijaguswa na stenti yoyote. Misuli ikiuma, sema ubadilishiwe dozi au aina. Usiache kimya kimya.

Kitunguu saumu, limau na tangawizi havizibui mishipa?

Havizibui. Kula kama viungo, ni vitamu. Anayekuuzia chupa ya “kusafisha mishipa” kwenye simu muulize picha ya mshipa kabla na baada. Na ukitumia mitishamba yoyote mwambie daktari, kwa kuwa mingine huongeza kuvuja damu ukiichanganya na dawa zako.

Eko inasema nguvu ya moyo ni 35%. Nitabaki hivyo?

Pengine hapana. Misuli iliyokosa damu kwa muda kisha ikafunguliwa hupigwa bumbuwazi: iko hai ila haifanyi kazi, na huchukua siku hadi wiki kuamka. Ndiyo maana eko hurudiwa baada ya wiki sita au zaidi, na maamuzi makubwa kama kuwekewa kifaa cha kushtua moyo hayafanywi kabla ya siku 40. Kwa wakati huo dawa zinazozuia moyo kutanuka ndizo zinazobeba mzigo. Namba ikipanda, usiziache. Imepanda kwa sababu unazimeza.

Kazi, mazoezi, na ndoa?

Tembea. Anza dakika tano hadi kumi sehemu tambarare, ongeza kila siku chache mpaka nusu saa, siku tano kwa wiki. Kipimo rahisi ni kwamba uweze kuongea ukitembea. Kazi ya mezani wengi hurudi baada ya wiki chache, ya kubeba magunia isubiri ruhusa. Tendo la ndoa halina tatizo kwa anayepanda ngazi za ghorofa mbili bila maumivu wala kuhema kupita kiasi. Kinachoua ni dawa za nguvu za kiume kama sildenafili zikikutana na dawa ya naitreti ya kuweka chini ya ulimi. Presha hudondoka. Wanaume huona haya kuuliza, basi mke ajue.

Nifunge Ramadhani?

Kama mshtuko ni wa wiki chache zilizopita, au moyo bado dhaifu, subiri. Wagonjwa waliotulia wengi hufunga salama, ila waende kliniki mwezi mmoja kabla ili dozi zipangwe kati ya futari na daku. Klopidogreli na aspirini ni mara moja kwa siku, haziwi tatizo. Tikagrelo ni mara mbili, nayo hukaa futari na daku. Dawa za kupunguza maji mwilini ndizo zinazosumbua, hasa Mombasa na Zanzibar kwenye joto.

Nimepunguza sigara mpaka mbili kwa siku. Inatosha?

Hapana. Waliopata mshtuko wakaacha kabisa walipungukiwa na hatari ya kufa kwa takriban theluthi moja kulinganisha na walioendelea. Hakuna dawa kwenye mfuko wako inayoizidi sana hiyo.

Nikipata maumivu tena nitajuaje kuwa ni stenti?

Hutajua, na si kazi yako kujua. Nenda hospitali hapo hapo, beba kadi ya stenti na orodha ya dawa. Wengi wanakuta kadi hiyo iko kabatini mjini wakati wao wako kijijini msibani. Ipige picha uiweke kwenye simu yako na ya mwanao.

Stenti italia kwenye mashine ya uwanja wa ndege? Na MRI?

Hailii, ni ndogo mno. MRI, ile mashine ya picha inayotumia sumaku, inaruhusiwa kwa stenti za sasa. Mwambie tu mpigaji picha kabla hujaingia, umwonyeshe ile kadi.